Virutubisho vya asili kwa wenye maradhi ya utumbo kuvimba: vilivyopimwa, visivyosaidia na vyenye hatari

Nikikaa barazani na watu wanaojua nina maradhi ya utumbo, siondoki bila ya kuelekezwa dawa. Huyu ataniambia habasoda na asali, yule manjano na pilipili manga, wa tatu maji ya shubiri asubuhi kabla ya kutia kitu kinywani. Wote hunitakia kheri. Na kusema kweli, baadhi ya vitu wanavyonitajia vimepimwa na wataalamu kwa wagonjwa kama mimi na vikaonekana kusaidia. Vingine vilipimwa visisaidie. Vichache vinaweza kumlaza mtu hospitali.

Makala haya nimeyaandika ili mwenye maradhi haya, au mwenye mgonjwa nyumbani, awe na mahali pa kurejea kabla ya kutoa pesa zake dukani. Mimi si daktari. Ni mgonjwa wa miaka tisa, na niliyoyajua nimeyajua kwa kusoma, kwa kuuliza, na mara moja kwa kukosea vibaya.

Maradhi yenyewe

Wengi wakisikia vidonda vya tumbo hufikiria vile vya mfuko wa tumbo, vinavyochoma mtu akiwa na njaa. Haya ni mengine. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, huugeukia utumbo wenyewe na kuushambulia. Ukuta wa utumbo huvimba, hufanya vidonda na kutoa damu.

Ziko aina mbili kubwa. Ya kwanza ni kolaitisi ya vidonda. Hii hukaa kwenye utumbo mkubwa, huanzia karibu na njia ya haja na kupanda juu, na hugusa utando wa ndani. Ya pili ni ugonjwa wa Crohn, uliopewa jina la Burrill Crohn, daktari wa New York aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Huu unaweza kutokea popote kuanzia kinywani hadi njia ya haja, lakini hupenda zaidi mwisho wa utumbo mdogo. Nao hula unene wote wa ukuta, hadi njia ikawa nyembamba au ikatoboka.

Dalili ni kuhara kusikokwisha, damu na kamasi kwenye choo, maumivu ya tumbo, uchovu na kukonda. Maradhi haya hulala na kuamka. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akiwa mzima kabisa, kisha yakarudi. Hakuna dawa, ya hospitali wala ya mitishamba, ambayo ukiinywa mara moja unasahau kwamba uliwahi kuugua. Kazi ya dawa ni kuyalaza na kuyafanya yaendelee kulala.

Hapa kwetu shida ya kwanza ni kujulikana. Kuhara damu huanza kudhaniwa ni amiba. Huweza kuwa kichocho pia, na kifua kikuu cha utumbo hufanana mno na ugonjwa wa Crohn. Mimi nilitibiwa amiba mara tano kabla daktari mmoja hajaagiza nipimwe kwa kamera. Vipimo vinavyohitajika ni choo, ikiwemo protini iitwayo kalprotektini inayoonyesha kama utumbo umevimba, kisha kamera ya utumbo mkubwa pamoja na vipande vidogo vya utando vinavyopelekwa maabara. Bila hayo, mtu hajui anatibu nini, na kirutubisho chochote atakachonunua ni kubahatisha.

Nilivyoacha dawa

Nilipoambiwa nina kolaitisi, nilipewa vidonge vya mesalazini. Vilinifaa. Baada ya miezi michache nikawa naweza kuswali jamaa msikitini bila ya hofu ya kutoka mbio katikati ya sala, na wenye maradhi haya wanajua hiyo ni neema kubwa kiasi gani. Nikajiona nimepona.

Hapo ndipo nilipoingia duka moja la dawa za asili. Muuzaji alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniambia, "Ami, hizi dawa za kizungu zitakumaliza ini. Waache mwili upumue." Aliniuzia chupa mbili za unga usioandikwa ndani mna nini. Dawa za hospitali zilikuwa ghali, mimi najihisi mzima, na maneno yake yalinikaa. Nikaacha vidonge.

Miezi mitatu ya kwanza sikuona tofauti, na nilikuwa nikimsifia yule kijana kwa kila mtu. Mwezi wa nne maradhi yaliamka. Nilikuwa nikienda choo mara tisa kwa usiku, damu tupu. Mke wangu ndiye aliyenipeleka hospitali, kwani mimi nilikuwa bado nasema nipewe wiki moja zaidi. Nilitiwa damu chupa mbili na kuanzishwa dawa za steroidi.

Simlaumu kijana peke yake. Nilichokuja kufahamu baadaye ni kwamba ile miezi mitatu ya uzima haikuwa kazi ya ule unga. Maradhi yalikuwa bado yamelala kwa sababu ya dawa nilizoziacha. Kwa mwenye maradhi yanayolala na kuamka, chochote unachokinywa wakati yamelala huonekana kimekutibu. Ndiyo sababu hatuwezi kutegemea ushuhuda wa mtu mmoja, hata uwe wangu. Inabidi tutazame majaribio ambayo kundi moja la wagonjwa lilipewa kitu chenyewe na kundi jingine likapewa kidonge bandia kinachofanana nacho, bila ya wao kujua nani kapewa nini.

Manjano

Katika vitu vya jikoni mwetu, manjano ndiyo yenye ushahidi bora zaidi, na ni kwa kolaitisi ya vidonda. Kinachofanya kazi ndani yake kinaitwa kurkumini.

Mwaka 2006 madaktari wa Japani walitangaza matokeo ya jaribio la wagonjwa 89 ambao maradhi yao yalikuwa yamelala. Wote waliendelea na dawa zao za kawaida. Wengine waliongezewa gramu 1 ya kurkumini mara mbili kwa siku, wengine kidonge bandia. Baada ya miezi sita, maradhi yaliwarudia wagonjwa 2 kati ya 43 waliotumia kurkumini, na 8 kati ya 39 wa upande wa pili. Mwaka 2015 jaribio jingine lilihusu wagonjwa 50 ambao mesalazini peke yake haikuwa imewatosha. Walioongezewa gramu 3 za kurkumini kwa siku, 14 kati ya 26 walitulia ndani ya mwezi mmoja. Wa kidonge bandia, 24 wote, hakuna aliyetulia.

Sasa tizama mambo mawili. La kwanza, katika majaribio yote mawili kurkumini iliongezwa juu ya dawa. Hakuna aliyeambiwa aache mesalazini. La pili ni kipimo. Jaribio la India la mwaka 2017 lilitumia miligramu 450 tu kwa siku, na halikuonyesha faida yoyote. Unga wa manjano wa kawaida una kurkumini kama asilimia 3. Ili upate gramu 2 itabidi ule zaidi ya gramu 60 za unga kila siku, yaani vijiko vya chai ishirini na zaidi. Kwa hivyo manjano ya kwenye mchuzi wa samaki ni chakula kizuri, yaendelee, lakini si kipimo cha dawa. Waliopimwa walitumia kurkumini iliyokamuliwa na kutiwa kwenye vidonge.

Vidonge hivyo navyo vina tahadhari zake. Mwaka 2019 Italia iliripoti visa vya watu kuvimba ini baada ya kutumia virutubisho vya manjano. Mwenye mawe kwenye nyongo au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asivitumie bila ya kumuuliza daktari. Pilipili manga huongeza sana kiasi cha kurkumini kinachoingia mwilini, na ndiyo sababu viwanda huichanganya. Lakini hubadilisha pia kiasi cha dawa nyingine mwilini, kwa hivyo anayemeza dawa nyingi aulize kwanza.

Na manjano ya unga yenye rangi kali kupita kiasi yaogope. Utafiti uliotangazwa mwaka 2019 huko Bangladesh ulikuta manjano yaliyotiwa rangi yenye madini ya risasi ili yapendeze sokoni, na risasi ni sumu. Ukipata manjano mabichi ukayasaga mwenyewe, umejiepusha na mengi.

Isabgol

Hii ni ganda la mbegu ndogo, lauzwa kwenye maduka ya Kihindi na ya dawa, na watu wetu huitumia kwa kufunga choo. Ukiitia maji hufanya ute. Ute huo huliwa na bakteria wazuri wa utumboni, nao hutoa kitu kinacholisha ukuta wa utumbo mkubwa.

Mwaka 1999 madaktari wa Uhispania waliwapima wagonjwa 105 wa kolaitisi iliyolala, kwa kutumia mbegu za mmea huohuo. Kundi moja lilipewa gramu 10 mara mbili kwa siku, la pili mesalazini, la tatu vyote viwili. Baada ya mwaka, maradhi yaliwarudia asilimia 40 ya waliotumia mbegu peke yake, asilimia 35 wa mesalazini, na asilimia 30 waliochanganya. Tofauti ni ndogo, na jaribio lilikuwa dogo. Lakini ni kitu cha bei nafuu na madhara yake ni machache, na mimi ninaitumia kwa idhini ya daktari wangu.

Onyo lake ni moja na ni kubwa. Mwenye ugonjwa wa Crohn ambaye utumbo wake umekuwa mwembamba mahali asiiguse, kwa sababu inaweza kuziba njia. Na kwa yeyote, inywewe na maji mengi. Ukiimeza kavu inaweza kukukwama kooni. Maradhi yakiwa yameamka, iweke kando.

Shubiri

Jani la shubiri lina vitu viwili tofauti, na watu huvichanganya. Ndani mna ute mweupe usio na rangi wala uchungu mwingi. Chini ya ganda mna maji ya manjano machungu sana, na hayo ndiyo yaliyoipa shubiri jina lake.

Uingereza, mwaka 2004, wagonjwa 44 wa kolaitisi ambayo haikuwa kali walijaribiwa. Wengine walikunywa mililita 100 za ute wa shubiri mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Waliopata nafuu ni 14 kati ya 30, wakati waliokunywa maji bandia ni 2 kati ya 14. Hilo ni jaribio dogo na la muda mfupi, lakini linatia moyo.

Yale maji machungu ni kinyume chake. Ni dawa ya kuharisha. Marekani iliyaondoa mwaka 2002 kwenye orodha ya dawa za kufungua choo zinazouzwa bila ya karatasi ya daktari. Mtu anayehara damu akinywa shubiri nzima iliyopondwa na ganda lake, anamwaga mafuta kwenye moto. Nimeona watu wakifanya hivyo wakidhani uchungu ndio dawa.

Bakteria wazuri na maziwa ya mtindi

Mwaka 1917 daktari Mjerumani Alfred Nissle alipata bakteria fulani kwenye choo cha askari ambaye hakuhara wakati wenzake wanahara. Bakteria hao bado hutengenezwa kuwa dawa. Jaribio la mwaka 2004 lenye wagonjwa 327 wa kolaitisi iliyolala liliwalinganisha na mesalazini kwa mwaka mzima, na matokeo yakakaribiana: maradhi yaliwarudia asilimia 36.4 upande wa bakteria na asilimia 33.9 upande wa mesalazini.

Lakini bakteria ni kama samaki, kila mmoja na jina lake. Huwezi kuambiwa changu anafaa ukanunua dagaa. Chupa nyingi zilizo madukani zina bakteria wengine, ambao hawakupimwa kwa maradhi haya. Kwa ugonjwa wa Crohn, majaribio ya bakteria na hamira hayajaonyesha faida ya kutegemewa. Mtindi wa nyumbani ni chakula chema kwa anayeweza maziwa, lakini usiuhesabu kuwa dawa. Na anayetumia dawa kali za kushusha kinga asinunue bakteria hai bila ya kumshauri daktari, kwani ni nadra lakini wanaweza kuingia kwenye damu.

Ubani na mafuta ya samaki

Hivi viwili nimeviweka pamoja kwa sababu vyote vilianza kwa matumaini makubwa.

Ubani tunaujua kwa kufukiza, na wafanyabiashara wa majahazi wameuleta mwambao huu tangu enzi kutoka Dhofar na pwani ya Somalia. Uliopimwa zaidi kwa dawa ni wa aina ya Kihindi. Majaribio madogo ya mwanzo yalisema unasaidia. Lakini lilipokuja jaribio la Ujerumani lililotangazwa mwaka 2011, lenye wagonjwa 108 wa Crohn waliofuatiliwa kwa mwaka mmoja, waliotumia ubani na waliotumia kidonge bandia hawakutofautiana. Haukuwadhuru, ila haukuwasaidia.

Mafuta ya samaki ni hivyo hivyo. Mwaka 2008 yalitangazwa majaribio mawili makubwa ya ugonjwa wa Crohn, yenye wagonjwa zaidi ya 700 kwa jumla. Walipewa gramu 4 kwa siku. Tofauti na kidonge bandia ilikuwa ndogo mno isiyohesabika. Kwa hivyo pesa za chupa ya vidonge vya mafuta, nunulia samaki wenyewe. Sisi wa pwani hatuna sababu ya kumeza samaki kwenye kidonge.

Habasoda, asali, mwarobaini na mlonge

Habasoda ina nafasi yake mioyoni mwetu kwa sababu ya hadithi ya Mtume (S.A.W.), nami siigusi imani hiyo, kwani ndiyo yangu. Ila Mtume huyohuyo alituamrisha tutafute tiba, na kumeza habasoda hakumzuii mtu kumeza kidonge chake. Katika vipimo vya hospitali, majaribio ya habasoda kwa wagonjwa wa utumbo kuvimba ni machache na madogo, na hayatoshi kusema inayalaza maradhi haya. Kijiko kidogo kwenye chakula hakina neno kwa wengi. Mafuta yake kwa wingi yanaweza kushusha sukari na presha, basi anayetumia dawa za hayo awe macho.

Asali haijathibitishwa kwa maradhi haya, na wengine huwaharisha zaidi maradhi yakiwa yameamka kwa sababu ya sukari yake. Mlonge ni mboga yenye lishe, ule kama mboga. Mwarobaini haujathibitishwa, na mafuta yake ni sumu hasa kwa watoto. Usimpe mtoto.

Nili: kinachofanya kazi na bado ni hatari

Napenda kuitaja hii kwa sababu inajibu wale wasemao kitu cha asili hakina madhara. Wachina wana dawa ya unga wa buluu itokanayo na mimea ya nili. Japani iliijaribu kwa wagonjwa 86 wa kolaitisi, matokeo yakatolewa mwaka 2018. Zaidi ya thuluthi mbili ya walioitumia walipata nafuu, dhidi ya asilimia 13.6 ya wa kidonge bandia. Ni matokeo ambayo kiwanda chochote kingeyatamani.

Jaribio hilo lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Sababu ni mgonjwa mmoja, asiyekuwa kwenye jaribio, aliyejinunulia nili mwenyewe na kuitumia miezi sita, akapata presha ya mishipa ya mapafu, ugonjwa unaoweza kuua. Kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kudhuru, kiwe kimetoka kiwandani au shambani.

Virutubisho ambavyo mgonjwa huenda anavihitaji kweli

Hivi havitangazwi redioni, wala hakuna anayenielekeza barazani. Lakini kwa wagonjwa wengi ndivyo vyenye faida iliyo wazi zaidi, kwa sababu utumbo ulioumwa hushindwa kuchukua lishe na damu hupotea.

Madini ya chuma. Damu ikipungua, uchovu humaliza mtu kuliko maumivu. Pima damu kwanza. Vidonge vya chuma huweza kuchafua tumbo na hugeuza choo kuwa cheusi, usishtuke. Maradhi yakiwa yameamka au damu ikiwa chini sana, daktari huchagua kuitia chuma kwa mshipa. Usinywe vidonge hivyo na chai au kahawa, kwani huzuia chuma kuingia mwilini.

Vitamini B12. Huchukuliwa mwisho wa utumbo mdogo, palepale ugonjwa wa Crohn unapopenda kukaa. Aliyekatwa sehemu hiyo huenda akahitaji sindano maisha yake yote.

Asidi ya foliki. Anayetumia sulfasalazini huihitaji, kwa sababu dawa hiyo huizuia kuingia mwilini. Kwa mama anayetaka kubeba mimba ni muhimu zaidi.

Vitamini D na kalisi. Steroidi hupunguza nguvu ya mifupa. Jua tunalo mwaka mzima, lakini mtu anayeshinda ndani, au anayetoka akiwa amejifunika mwili wote, anaweza kuwa na upungufu huku jua linawaka. Upimwe, kisha utumie kipimo ulichopewa. Vitamini D ikizidi nayo ni sumu.

Ukienda dukani

Usinunue chupa isiyoandikwa ndani mna nini na kwa kipimo gani. Uliza kama imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu.

Ogopa dawa ya mitishamba inayokupa nafuu ya ajabu ndani ya siku mbili. Mamlaka za dawa za nchi mbalimbali zimewahi kukuta dawa za mitishamba zilizochanganywa na steroidi kwa siri. Ukiacha ghafla steroidi uliyoitumia kwa wiki kadhaa, mwili unaweza kuanguka.

Kwa sisi Waislamu, tizama pia ganda la kidonge. Vidonge vingi vya mafuta na vya unga vina jalatini, na si zote ni za halali. Uliza, au tafuta vya ganda la mboga.

Anza kitu kimoja kwa wakati mmoja, uandike tarehe. Ukianza vitatu siku moja hutajua kipi kimekufaa na kipi kimekudhuru. Mwambie daktari wako kila unachokinywa. Wengi wetu huficha kwa kuogopa kugombwa, kumbe ndiyo habari anayoihitaji.

Na jihadhari na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen. Hizi tunazinunua kama peremende kwa maumivu ya mgongo na meno, nazo zinaweza kuyaamsha maradhi haya. Sigara huufanya ugonjwa wa Crohn kuwa mbaya zaidi.

Mwezi wa Ramadhani

Maradhi yakiwa yamelala, wengi hufunga salama. Muone daktari kabla ya mwezi kuandama ili apange dawa zako baina ya futari na daku. Dawa kadhaa za mesalazini huweza kunywewa mara moja kwa siku. Wakati wa usiku kunywa maji ya kutosha na madafu, na futari yako isijazwe bhajia na pilipili. Maradhi yakiwa yameamka, na unahara damu, ruhusa ya mgonjwa iko wazi kwenye dini yetu. Kwa dawa zinazotiwa njia ya haja, na kwa udhu wa mtu asiyeweza kujizuia, muulize sheikh wako. Mimi niliona haya kuuliza kwa mwaka mzima, na nilipouliza nilijibiwa kwa upole kwa dakika tano.

Dalili za kukimbilia hospitali

Usitafute kirutubisho chochote ukiwa unaenda choo cha damu mara sita au zaidi kwa siku, na hasa ikiwa una homa, moyo unakwenda mbio au unahisi kizunguzungu. Vivyo hivyo tumbo likijaa na kuwa gumu, ukitapika na huwezi kutoa upepo wala choo, au maumivu makali yakija ghafla. Hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo.

Na hata ukiwa mzima, aliyeishi na kolaitisi kwa miaka minane hivi inafaa aanze kupimwa kwa kamera kila baada ya muda atakaopangiwa, kwa sababu hatari ya saratani ya utumbo mkubwa huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Hakuna unga utakaokuonea hilo.

Hivi leo kabatini mwangu mna mesalazini, isabgol na kopo la kurkumini ambalo daktari wangu aliliona na kuliridhia. Vimekaa rafu moja na havigombani. Kosa langu la zamani lilikuwa kudhani lazima nichague kimoja. Kirutubisho ni nyongeza, na nyongeza huwekwa juu ya kitu kilichopo. Ukikiondoa kile cha chini, unaongeza juu ya nini?